Kishungi

Kofi lilimkuta mama akiwa bado ameshika chanuo. Lilikuwa kofi la mkono unaoshinda ukipasua mifupa, nalo lilimng'oa kwenye kigoda likamlaza ubavu kando ya cherehani yake. Chanuo lilibaki limenasa kwenye nywele za mwanawe, linaning'inia.

Ilikuwa Jumapili mchana. Baba alikuwa amerudi mapema kutoka buchani, na hakuna aliyemsikia akifungua mlango. Alichokikuta sebuleni ni mtoto wake wa kiume amekaa sakafuni, mgongo katikati ya magoti ya mama yake, anachanwa nywele huku wawili hao wakicheka jambo. Kijana alikuwa fundi wa kutandika vigae. Saruji ilikuwa imemchana vidole hata kila akijichana mwenyewe nywele zinanasa kwenye mipasuko na kumtoa damu. Kwa hiyo Jumapili mama yake humchana, humkusanyia zote nyuma, humpandishia utosini na kumfunga fundo kwa mpira mweusi, likasimama kama kishungi cha ndege. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kishungi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, hanywi, havuti, mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama yake cherehani ya umeme. Kosa lake lilikuwa hilo moja, tena lilikuwa mahali ambapo kila mtu analiona. Akiulizwa kwa nini ameziachia zikawa ndefu hivyo, hujibu kwamba zinampendeza. Hakuwa na sababu nyingine, na jibu hilo ndilo lililomchoma baba yake kuliko yote.

"Unamsuka mwanaume ndani ya nyumba yangu," baba alimwambia mama aliyekuwa chini. Hakupaza sauti. Akanyanyua mkono tena.

Mkono haukushuka. Kishungi alikuwa amesimama na kuushika kifundoni.

"Mimi nipige, Baba. Mama mwache."

Bucha, kama watu wote walivyomwita baba huyu, alivuta mkono wake. Haukutoka. Alivuta tena, na mishipa ya shingo ikamsimama. Kwa miaka yote aliyombeba mabegani, kumchapa na kumlisha, hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku mtoto huyu atamzidi nguvu. Kisha Kishungi akamwachia taratibu, mwenyewe, kama mtu anayerudisha kitu cha watu mahali pake. Kushikwa kulimuuma Bucha, lakini kuachiwa kulimuuma zaidi.

Alitoka nje akaenda kukaa kwenye bucha lililofungwa, gizani, katikati ya ndoano tupu.

Jirani mmoja alipomuuliza mama kuhusu uvimbe wa shavu, alisema meno yanamsumbua.

*

Buchani, wateja walikuwa na mzaha wao. Wanaume waliokuja kununua nyama walimuuliza Bucha kama yule binti yake wa utosi juu amekwisha kupata mchumba. Mmoja alimwomba ampunguzie bei, maana mahari ya binti mzuri kama yule itafidia hasara. Bucha alicheka nao. Mfanyabiashara hana hasira, hivyo ndivyo alivyoamini, akacheka huku akipiga shoka kwenye gogo mpaka vipande vya mifupa vikawarukia usoni. Nyumbani hakuwahi kucheka. Aliwahi kumfukuza Kishungi mezani, aliwahi kumvunjia ufagio mgongoni, aliwahi kumwekea mkasi juu ya mto. Kijana alivumilia yote, akaendelea kumwamkia kila asubuhi na kutoa mchango wake wa chakula.

Baada ya Jumapili ile, hata kuamkiwa kulimuudhi. Alikuwa akiitazama mikono ya mwanawe.

Katikati ya wiki kulikuwa na kikao cha watu wa doria, kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Wanawake walikuwa wakinyang'anywa mikoba, na duka moja lilikuwa limevunjwa. Kiongozi wa doria alikuwa mpasua mawe wa zamani aliyeitwa Msumari, mtu mwembamba mrefu mwenye fimbo ya nyaya zilizosokotwa. Aliuliza maoni. Watu walilalamikia taa za barabarani, polisi wanaochelewa, watoto wanaoshinda vijiweni. Bucha alikaa kimya nyuma hadi mtu mmoja alipomgeukia akatania kwamba labda Mzee Bucha awaambie vijana wa siku hizi wanajifunza wapi ususi.

Kicheko kilichopigwa kilikuwa kikubwa. Bucha akasimama.

"Mnatafuta mwizi kama vile amejificha," alisema. "Mkimwona kijana ana fundo kichwani, msimuulize anatoka wapi. Mnyoeni, mumchape. Hata akiwa wangu."

Watu wakampigia makofi. Msumari alikuja akampa mkono mbele ya watu wote, akasema kwamba wazazi wangekuwa hivi mtaa usingekuwa na mwizi. Bucha alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyelipwa haki yake. Usiku huo alilala fofofo.

*

Jumamosi, jua likiwa bado kali, mwanamke aliyekuwa akiuza mitungi ya gesi mtaa wa juu alichomwa kisu dukani kwake. Walimkuta amelala juu ya damu yake, begi la mauzo limekwenda. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwona mtu akitoka mbio, akasema alikuwa na kitu kimefungwa kichwani. Maneno yakaanza safari. Yalipofika kona ya kwanza, kitu kilikuwa kimekuwa fundo. Yalipofika kwa Msumari, lilikuwa fundo la nywele, na kila mtu alijua ni nani mwenye fundo la nywele.

Kishungi alikuwa anatoka kazini kwa miguu, na begi lake la mwiko na nyundo ya mpira begani. Alipowaona watu wengi mbele yake alipisha njia wapite. Alipotambua kwamba wanamjia yeye, alisimama akataka kuuliza kuna nini. Fimbo ya nyaya ikamjibu usoni. Ndipo akakimbia, na kukimbia kwake kukawa ushahidi wa mwisho waliouhitaji.

Walimwangusha karibu na mtaro. Begi lilipasuka, na mtu akauokota mwiko wake mwenyewe akampiga nao mdomoni. Wengine walimpiga bila kumjua, walipita tu wakakuta kazi inaendelea. Wengine walimjua vizuri kabisa. Kulikuwa na mwalimu wa kwaya. Kulikuwa na mtu ambaye Kishungi alimtandikia bafu lake zima mwezi uliopita, naye ndiye aliyemkanyaga vidole vya mkono wa kulia, akavisaga kwa kisigino hadi vikalia. Kishungi alitaja jina la baba yake. Alidhani hilo litamwokoa. Mtu mmoja akasema kwamba baba yake ndiye aliyewatuma, na kijana akaacha kujikinga kwa muda, kana kwamba neno hilo lilihitaji mikono yote miwili.

Kelele zilifika hadi buchani. Bucha alikuwa anapasua kichwa cha ng'ombe, na mteja aliyekuwa akingoja ulimi alimwambia wamemkamata mmoja wa wale wenye fundo, aliyemuua mama wa gesi.

"Wamfundishe adabu," Bucha alisema, akaendelea kupasua.

Alikuwa anaufunga ulimi kwenye karatasi mkewe alipoingia. Hakuwa na viatu. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake.

"Ni mtoto," alisema. "Wameleta petroli."

*

Bucha alifika akiwa na aproni yake ya damu na kisu cha kuchunia mkononi. Hakukumbuka kukiweka chini. Watu walimpisha kwa sababu ya kisu, kisha walipomtambua wakampisha kwa heshima, wakimwita mzee, wakisogeza watoto. Katikati alimkuta mwanawe amekalishwa, amefungwa mikono nyuma kwa kamba ya mkoba wake wa kazi. Jicho moja lilikuwa limefunga. Fundo la nywele lilikuwa bado limesimama, limejaa mchanga, na Msumari alikuwa amelishika kama mtu anavyoshika kishikio cha kikombe. Kando yake kijana mmoja alikuwa na dumu la petroli.

"Huyu ni mwanangu," Bucha alisema.

"Tunamjua," Msumari alijibu. "Ndiyo maana tumekusubiri, Mzee. Hatukutaka kukuvunjia heshima."

Bucha alisema mwanawe hawezi kumchoma mtu kisu, hajawahi kuiba hata sindano. Watu walianza kunung'unika. Mmoja akasema kila mwizi ana mama. Mwingine akamkumbusha kikao cha juzi, akarudia maneno yake yote bila kuacha hata moja, na sauti ya kuyarudia ikafanana na ya Bucha mwenyewe. Kicheko kikapita. Kijana wa dumu akafungua kifuniko, na harufu ikawafikia wote.

Mama alipenya miguuni mwa watu akajitupa juu ya mwanawe. Walimvuta kwa miguu. Alimng'ata mtu mkono, akapigwa teke la tumbo, akarudi tena kwa magoti. Bucha aliyaona hayo. Aliona pia kwamba wao ni wengi na yeye ni mmoja, na kwamba akimchoma mtu yeyote kwa kile kisu, wote watatu wataungua. Alikuwa ameishi na watu hawa maisha yake yote, akawauzia nyama, akawapa mifupa ya bure siku za misiba. Alijua wanachokula.

"Nilisema anyolewe," alisema kwa sauti ya kikao. "Sikusema achomwe. Mimi ndiye niliyesema, mimi nitamnyoa. Mkiwa bado mnamtaka baada ya hapo, mchukueni."

Msumari alimtazama, akawatazama watu. Walilipenda wazo hilo. Akaachia fundo.

Bucha alipiga goti nyuma ya mwanawe. Kile kisu kilikuwa cha kutenganisha ngozi na nyama, hakikutengenezwa kwa kichwa cha mtu aliye hai. Aliushika mpira mweusi akaukata, nywele zikamwangukia kijana mabegani, na watu wakapiga mayowe ya furaha. Akakusanya shungi mkononi, akaliviringisha, akakata. Kisha akaanza kukwangua. Kisu kilifanya kazi kiliyoizoea, na kila kilipopita kilikwenda na kipande cha ngozi. Damu ilimshuka Kishungi nyuma ya masikio na kwenye nyusi. Bucha alikuwa amezoea kusikia ng'ombe wakilia. Mwanawe hakulia kabisa. Wakati mmoja tu aligeuza uso, akamtazama baba yake kwa lile jicho lililobaki wazi, na Bucha akaurudisha uso ule mbele kwa kiganja kwa sababu hakuweza kunyoa huku anatazamwa.

"Vumilia," alimnong'oneza. "Wanakwisha."

Na kweli walikuwa wanakwisha. Hasira iligeuka mzaha. Wengine walipiga picha, wengine walianza kuondoka, yule wa dumu akafunga kifuniko chake. Msumari alikuwa ameshasema inatosha. Ndipo kutoka nyuma, mtu ambaye hajajulikana hadi leo alirusha tofali. Hakuwa na sababu yoyote. Labda alikuwa amechelewa kufika, hakutaka kurudi nyumbani mkono mtupu. Lilimpata Kishungi kwenye lile jicho lililokuwa wazi.

*

Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha ukumbini. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjika, mbavu mbili, na jicho moja lilikuwa limekwenda moja kwa moja. Lile lingine, lililokuwa limefunga kwa uvimbe, daktari alisema litaona. Kichwa kilikuwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Muuguzi alikuja na sinia, akasema vidonda havishoneki bila kunyoa nywele zilizobaki, akamuuliza mgonjwa kama ataruhusu.

Bucha alikuwa amesimama upande wa miguu, bado na aproni yake. Walinzi wa mlangoni walimdhania yeye ndiye majeruhi.

"Muulize yeye," Kishungi alisema kwa midomo iliyovimba. "Yeye ndiye mwenye kichwa."

Muuguzi alimgeukia Bucha. Bucha aliitikia kwa kichwa, na muuguzi akawasha mashine.

Siku ya pili mama wa gesi, ambaye hakuwa amekufa, alifumbua macho akamtaja aliyemchoma. Alikuwa mteja wake wa zamani, mtu mzima mwenye nywele fupi, aliyekuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya jasho. Polisi walimkuta nyumbani kwake, begi la mauzo likiwa chini ya kitanda. Habari hiyo ilipita mtaani kimyakimya. Safari hii maneno hayakukimbia.

Mama alimsikiliza mumewe siku moja tu. Bucha alimweleza yote tangu mwanzo: kikao, makofi, hesabu aliyoipiga pale mtaroni, kwamba bila kile kisu wangemchoma. Mama alikuwa anakunja nguo zake na za mwanawe kwenye shuka. Alikuwa anakwenda nazo kwa dada yake, na cherehani ilikwisha kutangulia.

"Wanasema mdomo uliponza kichwa," alimwambia. "Lakini mdomo ulikuwa wako, na kichwa cha mwanangu."

Bucha alimzuia mlangoni. Kwa mazoea mkono wake ulinyanyuka. Mama hakujikinga wala hakurudi nyuma. Aliutazama tu ule mkono, naye akautazama, wote wawili wakawa wanautazama mkono uliosimama hewani peke yake. Akaushusha. Mama akapita.

*

Msumari alikuja buchani wiki ile ile, kama vile hakuna kitu. Aliweka vidole vyake juu ya gogo, akaomba kilo mbili za mnofu, akasema mambo ya juzi yalikuwa ajali ya kazi, na kwamba upande mmoja yamesaidia, kwa kuwa kijana sasa atakuwa mwanaume.

"Nyama imekwisha," Bucha alisema. Nusu ya ng'ombe ilikuwa imetundikwa nyuma yake.

Msumari alicheka, akaikazia macho ile nyama. Shoka lilishuka likazama kwenye gogo kati ya kidole chake cha mwisho na kile kinachofuata. Lilichana ngozi tu. Kama Bucha alikusudia kukosa au alikusudia kupata, yeye mwenyewe hakujua, hata baadaye. Msumari alitoka kinyumenyume, ameshika mkono wake. Wateja waliokuwa kwenye mstari walimfuata.

Mchana huo Bucha alifunga bucha akaenda kituo cha polisi. Alisema amekuja kuwataja waliompiga mwanawe, naye akiwa wa kwanza. Polisi wa zamu alimsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba mzazi kunyoa mtoto si kosa, angeenda nyumbani apumzike. Bucha akakaa kwenye benchi. Alirudi kesho yake akakaa tena, na siku zilizofuata, na kila polisi mpya wa zamu alimsimulia upya, bila kujitoa, mpaka mmoja akachoka akachukua kalamu. Msumari alikamatwa pamoja na wengine wachache, akiwemo yule wa bafu. Wakatolewa kwa dhamana. Bucha pia aliandikiwa shtaka lake, akalipokea kama mtu anayepokea barua aliyoingoja. Kesi yao haijakwisha. Kutokana na hilo, mtaa ulihamia bucha la pili. Nyama yake ikawa inaharibika kwenye ndoano.

Vidole vya Kishungi vilipopona alirudi kazini. Havikukunja vizuri tena, na kwa jicho moja ilimbidi ainamishe kichwa upande kuona kama kigae kimekaa sawa na mwenzake, lakini mkono ulikuwa bado unaijua kazi. Baba yake alipata habari kwamba anatandika jumba moja la ghorofa linalojengwa upande wa pili wa mji. Akamfuata.

Alimkuta peke yake kwenye chumba kikubwa, amepiga magoti, anagonga vigae kwa nyundo ya mpira na kusikiliza. Kichwa kilikuwa kimenyolewa hadi kung'aa, na makovu yake yote yalionekana. Kishungi alimwamkia. Bucha aliitikia, akampita hadi ukuta wa ndani, akaegemea hapo kwenye kipande cha zege kisichotandikwa bado, kwa kuwa hakujua asimame wapi. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yalikuwa ya kuomba msamaha, na yalikuwa mazuri. Pale ukutani yote yalimtoroka.

"Ziache ziote," alisema hatimaye. "Hakuna atakayekugusa. Nitakuja nikae hapa kila siku, ukitaka. Ziache tu ziote kama zamani."

Kishungi alipaka saruji, akaweka kigae, akakigonga pembe nne.

"Siwaogopi hao, Baba. Nilijaribu kuziacha. Zikianza tu kuota, nasikia kisu. Kwa hiyo naziondoa."

Machozi yalimtoka Bucha bila sauti, akayafuta kwa mkono ule ule. Mwanawe hakuinua macho kumtazama, na hakuacha kazi. Aliendelea kusogea nyuma kwa magoti, kigae baada ya kigae, kuelekea mlangoni, hadi jioni. Baba alipojikusanya ili aondoke, alikuta chumba chote kati yake na mlango kimekwisha kutandikwa.

"Usikanyage hapo," Kishungi alisema. "Havijashika bado."

"Vitashika lini?"

"Vinachukua muda. Vikikanyagwa sasa, vyote vitapinda."

Bucha alitazama dirisha, lilikuwa juu mno. Akatazama sakafu mpya inayong'aa, na mwanawe ng'ambo yake, ambaye alikuwa ameanza kuosha mwiko wake kwenye ndoo. Akavua viatu, akaviweka kando, akakaa kwenye kile kipande cha zege kilichobaki, mgongo ukutani. Akangoja.